Kidonge na Tawakali

Kidonge chenyewe ni laini, cha rangi ya asali, na ukikitoboa kwa sindano hutoka tone la mafuta mazito. Mwanamume anayetafuta mtoto hukinunua duka la dawa, akakimeza baada ya chakula, kisha akainua mikono kuomba dua. Je, hapo amemtegemea Mungu, au tone la mafuta?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakulikwepa swali la namna hii. Katika kitabu chake *Ihya* anasema anayengoja mmea bila kupanda mbegu, au mtoto bila kumwingilia mkewe, akitaraji azae kama Maryamu, huyo hana tawakali, ana wazimu. Kisha akazipanga sababu, yaani njia anazotumia mtu kupata anachokitaka, kwa ngazi tatu: za yakini, za dhana na za kubahatisha. Za yakini haifai kuziacha. Za dhana, zikiwamo dawa nyingi, hazivunji tawakali. Za kubahatisha, mwenye kutawakali huachana nazo.

Sasa kidonge chetu, ambacho ni cha vitamini E, kiko ngazi ipi?

Mwaka 1922, huko Berkeley, California, Herbert Evans na Katharine Bishop waliwalisha panya chakula kilichosafishwa mno, chenye mafuta ya nguruwe. Panya wakakua vizuri, wakashika mimba, na mimba zikayeyukia tumboni. Walipoongezewa majani ya saladi, wakazaa. Panya dume nao, wakikikosa kirutubisho kilichomo kwenye majani hayo, yaani vitamini E, korodani zao huharibika. Mwaka 1936 kikapewa jina la tokoferoli, kutokana na maneno ya Kigiriki ya kuzaa na kuleta.

Lakini panya wale walinyimwa kwa makusudi. Mwanamume anayekula karanga, mboga za majani na mafuta ya alizeti hakunyimwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliwapa wanaume wenye kasoro za manii vitamini E kila siku, pamoja na vitamini C, zinki na vinginevyo. Hawakupata nafuu kuliko wenzao waliomeza vidonge visivyo na dawa. Dozi ya uniti 400 za vitamini E kwa siku, katika utafiti mwingine wa mwaka 2011, iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Kwa mtu anayekula vyema, basi, kidonge kimeshuka kutoka kwenye dhana kuelekea kubahatisha, na hapo pana uzito wa kidini. Kwani njia za uhakika zaidi zipo, kama kipimo cha manii. Daktari huweza pia kuigundua mishipa iliyovimba juu ya korodani kwa kuipapasa tu. Mume anapoviacha hivyo akameza kwa siri miezi sita, ni miezi sita ambayo mkewe anazidi kuitwa tasa na mawifi, na umri wake unasogea.