Kupima chakula: je, ni kukosa shukrani?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mwaka jana magoti yalinisumbua mpaka nikawa nainuka kutoka sijida kwa shida, maamuma wananingoja. Muuguzi akanipima: kilo 104. Akaniambia nipunguze chakula. Nyumbani nikaulizwa: "Baba, Mwenyezi Mungu anatupa riziki, wewe unaipimia kijiko? Si kukufuru neema?"

Swali hilo si la kuchekwa. Kwetu unene ni dalili ya raha, na aliyekonda anaulizwa anaumwa nini. Tena Mtume (S.A.W.) alitufundisha kusafisha sahani, kwa kuwa hatujui baraka iko katika sehemu gani ya chakula. Basi anayejipunguzia kwa kuacha nusu sahanini amevunja adabu kweli. Lakini kosa lake lilianza katika kupakua. Kipimo kinawekwa kwenye chungu, kabla mkono haujagusa tonge.

Katika Sura Al-A'raf, aya ya 31, Allah ametuamrisha kula na kunywa, na hapo hapo akakataza israfu. Na katika hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib, iliyo kwa Tirmidhi, Mtume alieleza kwamba matonge machache ya kusimamisha mgongo yanatosha. Ikiwa hapana budi, theluthi ya tumbo iwe chakula, theluthi kinywaji, theluthi pumzi.

Waganga wa hospitali wanahesabu kalori, yaani nguvu iliyomo katika chakula. Gramu ya wanga ina kama 4, gramu ya mafuta 9. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kama kalori 120, na sisi sombe tunaimiminia kikombe! Sukari nayo: vijiko 3 kwa kikombe cha chai, vikombe 4 kwa siku, ni kama kalori 190, na mtu anasema hajala kitu.

Mimi sikuhesabu kila tonge (hesabu ikizidi inakuwa wasiwasi). Sukari ikawa kijiko kimoja, bugali ukawa wa ukubwa wa ngumi. Penye taabu ni harusini, maana kukataa sahani ni kumuumiza mwenyeji. Namwambia mapema: "Mama, nipakulie kidogo, nitakula chote."

Neno hili ni kwa wenye kushiba. Si la watoto, wala wajawazito, wala wanyonyeshao. Na anayemeza dawa za ugonjwa wa sukari amwone daktari kwanza. Baba anayewapunguzia mke na watoto huku nyama inabaki kwake, huyo hapimi, anadhulumu.

Limebaki jambo moja. Bugali ule nilioupunguza ulibaki chunguni. Mtume alifundisha kwamba chakula cha wawili kinawatosha watatu, na nyuma ya nyumba yangu anakaa mjane na watoto wanne. Kwa miezi miwili nilipima sahani yangu bila kumkumbuka. Aliyeanza kumpelekea sufuria jioni ni mama wa watoto. Mimi nilikuwa nikitazama mizani.