Maungio 145 kati ya 3,000

Thresher, nyambizi ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, ilikuwa na takriban maungio 3,000 ya mabomba yaliyobeba mgandamizo wote wa bahari kila ilipozama hadi mwisho wa kina chake. Maungio hayo hayakuchomelewa. Yaliunganishwa kwa aloi yenye madini ya fedha, iliyoyeyushwa ikapenya kati ya bomba na bomba, kisha ikaganda humo. Kwa macho, ungio zima na ungio bovu hufanana. Ndiyo maana nyambizi hiyo ilipoingia kwenye matengenezo mwaka 1962, katika karakana ya Portsmouth iliyoko Kittery, jimbo la Maine nchini Marekani, mafundi walitumia kipimo kilichokuwa kipya wakati ule: mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, yanayopita ndani ya chuma na kufichua pengo lililojificha. Wakapima maungio 145. Asilimia 14 yalikuwa chini ya kiwango.

Hesabu iliyobaki angeimaliza mtoto wa shule. Kama 145 yametoa asilimia 14, basi katika yale 3,000 huenda mabovu yalizidi 400. Lakini upimaji ulikuwa umeruhusiwa kwa sharti moja: usiicheleweshe meli. Muda ulipokwisha, kipimo kikasimama na meli ikaruhusiwa kwenda baharini. Tujifunzao kutokana na msiba wa kuzama kwake Aprili 1963 tuanzie hapo, kwa sababu hapo hapakuwa na dhoruba, wala adui, wala siri ya bahari. Palikuwa na karatasi yenye namba, na watu wazima waliokuwa na uwezo wa kuisoma.

Thresher haikuwa chombo duni. Ilikuwa ya kwanza katika kundi la nyambizi 14 zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, zilizobuniwa kuwinda nyambizi za Kisovieti. Ilishushwa majini Julai 1960, ikaanza kazi rasmi Agosti 1961. Wabunifu wake walitoa mirija ya topido puani wakaihamishia katikati ya chombo, ili pua yote iachiwe mtambo mkubwa wa kusikilizia. Mashine ziliwekwa juu ya jukwaa lililotengwa na bodi, ili mtikisiko wake usivuje hadi majini na kusikika kwa adui. Chuma chake kilikuwa imara kiasi cha kuiruhusu kuzama takriban mita 400. Katika kina hicho, kila sehemu ya bodi yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba hubeba kilo 40 hivi, uzito unaokaribia mfuko wa saruji. Muundo uliruka mbele sana. Mabomba, vali na taratibu za dharura zikabaki nyuma, zikifuata desturi ya nyambizi zilizokuwa hazizami kina kama hicho.

Onyo moja lilikuja mapema. Novemba 1961, Thresher ikiwa bandarini San Juan, Puerto Rico, kinu chake cha nyuklia kilikuwa kimezimwa kama ilivyo kawaida chombo kinapotia nanga. Jenereta ya dizeli ikaharibika. Betri zikaishiwa nguvu wakati mafundi wakihangaika nayo, joto ndani likapanda hadi kufikia nyuzi 60, na mabaharia wengi wakalazimika kutoka. Ilibidi nyambizi nyingine, Cavalla, ije kando na kuigawia umeme. Hakufa mtu. Lakini tukio lile lilionyesha wazi kwamba kinu kikizimika na kitu kimoja tu kingine kikigoma, chombo kile hakina pa kushika.

Tarehe 9 Aprili 1963 Thresher iliondoka bandarini kwa majaribio baada ya miezi tisa hivi ya matengenezo. Ndani walikuwemo watu 129. Kati yao 17 walikuwa raia, na wengi wa hao walikuwa wafanyakazi wa karakana ileile, waliokwenda kuangalia kazi ya mikono yao. Kamanda wake, Luteni Kamanda John Wesley Harvey, alikuwa amekabidhiwa nyambizi hiyo Januari mwaka huohuo.

Asubuhi ya tarehe 10, kilomita zipatazo 350 mashariki ya Cape Cod, ilianza kushuka hatua kwa hatua, huku meli ya uokoaji Skylark ikielea juu na kuzungumza nayo kwa simu ya chini ya maji. Saa 3:13 asubuhi ikaarifu kwamba ina hitilafu ndogo, pua imeelekea juu, na inajaribu kupuliza hewa. Maneno yaliyofuata hayakueleweka vizuri. Dakika chache baadaye bodi ilisagika, vipande vikaangukia kwenye sakafu ya bahari, kina cha zaidi ya mita 2,500.

Kilichoanza kukatika hakijaafikiwa na wote hadi leo. Tume ya uchunguzi ya Jeshi la Wanamaji iliona kuwa yamkini ungio la bomba lilipasuka kwenye chumba cha injini, maji yakaingia, yakaharibu umeme, na kinu kikazimika. Wataalamu wengine waliosoma kumbukumbu za sauti za siku ile wanashikilia kwamba hitilafu ya umeme ndiyo iliyotangulia. Ubishi huo una maana kwa wahandisi. Kwetu sisi lililo zito zaidi ni yale yaliyofuata baada ya kinu kuzimika, maana hayo yalijaribiwa na kuonekana.

Kwanza, utaratibu wa wakati ule ulitaka kinu kikizimika mvuke ufungwe, ili kinu kisipoe kupita kiasi. Kinu kikalindwa, chombo kikakosa nguvu ya kusukuma kwenda juu wakati ilipohitajika kuliko wakati wowote. Pili, njia iliyobaki ilikuwa kupuliza hewa iliyoshindiliwa ili ifukuze maji kwenye matangi. Uchunguzi ulipofanywa gatini kwenye Tinosa, nyambizi ya kundi lilelile, hewa ilipofunguliwa kwa nguvu ilipoa ghafla, unyevu uliokuwa ndani yake ukaganda kuwa barafu kwenye vichujio vidogo, na njia ikaziba. Vichujio viliwekwa kulinda vali zisiingiwe na uchafu! Jaribio hilo lilifanyika bandarini, bila hatari kwa yeyote. Lingeweza kufanywa kabla ya Aprili 1963 kama lilivyofanywa baadaye. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika habari yote hii.

Baada ya msiba, kundi la Thresher likabadilishwa jina, likaitwa kwa jina la meli ya pili, Permit. Zilizokuwa tayari kazini zikakatazwa kuzama kina chake kamili hadi zirekebishwe.

Katika mwaka huohuo wa 1963 ukaanzishwa mpango unaoitwa SUBSAFE. Nguvu yake iko katika ufinyu wake. Haushughulikii silaha, wala mwendo, wala starehe za mabaharia. Unauliza mambo mawili: je, maji yatazuiwa nje, na yakiingia, je, chombo kitaweza kupanda? Kila kipande kinachohusika na maswali hayo lazima kiwe na ushahidi ulioandikwa: chuma kilitoka wapi, nani alikifunga, nani alikipima, kipimo kilisema nini. Neno la fundi mzoefu kwamba kazi iko sawa halitoshi, hata kama fundi huyo anaheshimika kuliko wote. Ushahidi ukipotea, kazi huhesabiwa kuwa haikufanyika. Chombo cha anga Columbia kilipoangamia Februari 2003 na wanaanga wake 7, waliochunguza ajali ile walikwenda kuutazama mpango huu wa nyambizi kama mfano wa kuigwa.

Wewe unayetia saini, iwe ni ripoti ya lifti, ya boila, ya breki za basi au ya chombo cha abiria, ukiona ukaguzi umepewa sharti kwamba usicheleweshe kazi, uliza nani ameandika sharti hilo, na umtake aweke jina lake chini yake.

Kuanzia 1915 hadi 1963, Marekani ilipoteza nyambizi 16 kwa ajali zisizo za vita. Tangu SUBSAFE ianze imepoteza moja tu, Scorpion, iliyozama Mei 1968 na watu 99. Matengenezo yake ya usalama yalikuwa yameahirishwa ili irudi kazini mapema, kwa hiyo haikuwa na cheti cha SUBSAFE. Yenye cheti haijapotea hata moja.