Kodi ya Jirani na Shule Zetu



Yako maswali ambayo sisi watu wa kanisa huyakwepa kwa sababu majibu yake yaweza kutugharimu. Mojawapo ni hili: Je, ni haki kodi ya mtu asiyeshika dini yetu itumike kuendesha shule ya dini yetu?

Sisi wa Isansa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wamoraviani walifika Mbozi mwaka 1899, nao ndio waliowaonyesha Wanyiha wengi kitabu na kalamu. (Sifa hiyo ni yao, si yetu Waanglikana, tuwape bila kinyongo.) Baadaye, katika miaka ya 1920, serikali ya Mwingereza ilianza kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti yake. Fedha hizo zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka katika kodi ya kichwa. Sasa mfikirieni mzee wa siku zile, aliyetambikia mizimu ya babu zake. Alilipa kodi sawasawa na mwinjilisti. Lakini alipotaka mwanawe ajue kusoma, mara nyingi shule iliyokuwapo ilikuwa ya misheni, na huko mtoto alifundishwa katekisimu pamoja na hesabu, na pengine akarudi nyumbani na jina jipya. Mzee aliambiwa kwamba amesaidiwa. Mimi naona alitozwa mara mbili: kwanza fedha, kisha mtoto.

Tutajibu kwamba misheni ilijenga kwa sadaka, na pasipo misheni mtoto yule asingepata shule yo yote. Ni kweli, na jibu hilo lina uzito. Lakini linatetea sadaka tu, halitetei ruzuku. Aliyejenga kwa fedha yake aweza kuweka masharti mlangoni pake. Akiisha kupokea fedha ya wote, mlango ule si wake peke yake tena.

Serikali yetu ilikata shauri mwaka 1969 kwa Sheria ya Elimu, na shule zilizokuwa zikipewa ruzuku zikawa za umma. Sisi Waanglikana tulitoa Minaki, na wazee wengi waliona uchungu. Hata hivyo nadhani shauri lile lilikuwa la haki, maana tangu hapo mtoto asingeweza kukataliwa kwa sababu ya dini ya baba yake.

Kisha, mwaka 1992, Serikali ilitia sahihi mapatano na makanisa, kwa njia ya CCT na Baraza la Maaskofu Katoliki, juu ya huduma za afya na elimu. Waislamu wamelalamika miaka mingi kuwa mapatano hayo yanawapendelea Wakristo. Baadhi yetu huyaita malalamiko hayo wivu. Hilo si jibu. Kanisa letu limo katika CCT, na mwenye faida katika shauri hafai kuwa hakimu wake.

Kwangu hospitali na shule si jambo moja. Hospitali ya kanisa ikisaidiwa mishahara na dawa, mgonjwa hutibiwa akarudi kwake na imani yake ile ile. Shule hukaa na mtoto miaka mingi na kumfinyanga. Chuo Kikuu nacho ni habari nyingine: Bodi ya Mikopo humkopesha mwanafunzi, awe amechagua St John's ya Dodoma au Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro. Yeye ni mtu mzima, amechagua mwenyewe. Mtoto wa miaka saba hachagui, wala mzazi wake kijijini hana shule tatu za kulinganisha.

Tuseme shule pekee kijijini petu ingeendeshwa kwa kodi yetu, na humo watoto wetu wafundishwe kwamba Ubatizo ni kazi bure. Tungefika kwa Mkuu wa Wilaya kabla ya jua kutua.

Hata katika shule za Serikali liko neno dogo la kutazamwa. Kipindi cha dini kikifika, Wakristo huenda huku na Waislamu kule. Mtoto ambaye kwao hawasali popote aende wapi? Pengine hufuata rafiki zake tu, na mwalimu wetu wa dini hufurahi kuona darasa limejaa. Ningependa Halmashauri yetu imwombe Mwalimu Mkuu ampatie mtoto wa namna hiyo kitabu na mahali pa kukaa, mpaka mzazi wake atakaposema vingine.