Kosa Lililolipwa na Mwingine

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Maneno haya yamewafariji wengi, na aghalabu husemwa na mkosaji mwenyewe. Lakini yana sharti moja lisilotajwa, kwamba atendaye kosa ndiye atakayeumia kwalo. Mwashi akijenga ukuta uliopinda, ukuta humwangukia yeye au hasara humrudia yeye, naye hujifunza kwa maumivu yake. Yako makosa ya namna nyingine, ambayo hutendwa na huyu na kulipwa na yule. Kosa la mpelelezi ni mojawapo. Je, nani ana haki ya kusema kwamba kosa la namna hiyo si kosa?

Historia ya polisi wa Uingereza inatoa mfano wa kuupima msemo huo. Kati ya mwaka wa 1975 na mwaka wa 1980 wanawake 13 waliuawa kaskazini mwa nchi hiyo, wengi wao katika miji ya Yorkshire, na mkono uliowaua ulikuwa mmoja. Muuaji, Peter Sutcliffe, alikuwa dereva wa lori, mkazi wa Bradford. Polisi hawakumkosa kwa kutomjua. Walimhoji mara tisa. Noti mpya ya pauni 5, iliyopatikana mwaka wa 1977 katika mkoba wa mmoja wa waliouawa, ilifuatwa mpaka kwenye mishahara ya makampuni kadha, na mwajiri wake alikuwa miongoni mwao. Gari lake lilionekana tena na tena katika mitaa iliyokuwa ikilindwa. Yote hayo yaliandikwa, yakawekwa katika chumba kimoja mjini Leeds, na kadi zikarundikana hata sakafu ikabidi kutiwa nguvu isianguke. Walakini kadi hii haikujua lililoandikwa katika kadi ile.

Kisha ikaja sauti. Mwezi wa Juni 1979 mkuu wa upelelezi, George Oldfield, aliletewa ukanda ambao ndani yake mtu alijidai kuwa ndiye muuaji. Barua za mwandiko mmoja zilikuwa zimetangulia. Wataalamu wa lafudhi kutoka Chuo Kikuu cha Leeds waliusikiliza ukanda, wakasema msemaji ni mtu wa Sunderland, wakakitaja hata kitongoji chake. Walisema kweli. Aliyetuma alipatikana mwaka wa 2005 kwa alama za mate yaliyobaki katika gundi ya bahasha, naye alikuwa mtu wa Sunderland. Mwaka uliofuata alifungwa miaka minane kwa kupotosha haki. Lakini hakuwa muuaji, na wataalamu wale wale walikwisha kuwaonya polisi kwamba huenda huyu ni mzushi tu. Polisi walilipokea jibu, onyo wakaliacha. Hapa pana jambo la kuwafikirisha watu wa elimu kuliko watu wengine: maarifa yaliyo sahihi kabisa yalitumika kuimarisha uongo, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limepotoka. Tangu siku hiyo mshukiwa asiye na lafudhi ile alikuwa karibu kusalimika. Mwezi mmoja baadaye askari mmoja alimhoji Sutcliffe nyumbani kwake, akamtilia shaka, akaandika taarifa. Mwandiko haukulingana na ule wa barua. Taarifa ikafungiwa katika faili.

Baada ya ukanda ule kupokewa wanawake watatu zaidi waliuawa.

Yuko atakayesema kwamba baada ya tukio kila mtu ni mwerevu, na kwamba Oldfield hakuwa mvivu wala mwovu. Alifanya kazi hata moyo wake ukaugua. Hoja hii ina uzito, na mwamuzi mwenye haki hawezi kuipuuza. Lakini hufaa kwa mtu ambaye hakuonywa. Hapa waonyaji walikuwapo, na ukweli ulikuwa umelala katika faili zao wenyewe. Mwishowe Sutcliffe alikamatwa mwezi wa Januari 1981 na askari wawili wa Sheffield katika zamu yao ya kawaida, waliogundua kwamba namba za gari lake zilikuwa za bandia. Upelelezi mkubwa haukumfikia.

Ndipo kujifunza kukaanza. Lawrence Byford, mkaguzi wa polisi, aliandika taarifa ndefu juu ya yaliyokosewa, na katika miaka iliyofuata polisi wa nchi nzima walipata kompyuta za namna moja za kuunganisha habari. Somo la chombo lilifahamika upesi. Umma ulipewa muhtasari tu mwaka wa 1982. Maneno yake kwa ukamilifu yalifichwa mpaka mwaka wa 2006. Ni somo la ajabu, linalofundishwa kwa mlango uliofungwa, nao waliolipa karo wakaachwa nje.

Kulikuwa na somo jingine, gumu zaidi. Wapelelezi walikwisha kuamua kwamba muuaji huwatafuta wanawake waliouza miili yao. Kwa hiyo msichana wa miaka 14, aliyepigwa kichwani mwaka wa 1975 na akanusurika, hakuhesabiwa miongoni mwa walioshambuliwa na mtu yule, ijapokuwa alimweleza vyema sura yake. Sutcliffe alikiri shambulio hilo mwaka wa 1992. Nao waliouawa waligawanywa mafungu mawili, na lile la pili tu likaitwa la wasio na hatia. Mgawanyo huo ulikuwa dharau kabla haujawa kosa la upelelezi. Mtu aliyewapima wanadamu kwa mizani mbovu hakuweza kuupima ushahidi wao kwa mizani iliyo sawa.

Kompyuta haikuiondoa dharau hiyo. Mwezi wa Aprili 1993 kijana mweusi, Stephen Lawrence, aliuawa London na kundi la vijana weupe. Rafiki aliyekuwa naye, shahidi mkuu, hakutendewa kama mtu aliyepatwa na msiba. Uchunguzi wa William Macpherson, mwaka wa 1999, uliona uzembe, udhaifu wa viongozi na ubaguzi uliokita ndani ya chombo chenyewe cha polisi. Wawili tu walihukumiwa, nao mwaka wa 2012. Mji ulikuwa mwingine na askari walikuwa wengine, basi mtetezi angeweza kusema kwamba hakuna aliyerudia kosa.

Sutcliffe alikufa mwezi wa Novemba 2020. Siku hiyo mkuu wa polisi wa West Yorkshire aliwaomba radhi jamaa wa waliouawa kwa lugha iliyotumika juu ya wapendwa wao. Baadhi ya watoto waliopokea radhi hiyo walikuwa wamekwisha kuwapita mama zao kwa umri.