Mtoto Akidhoofu, Mama Asihukumiwe

Hutokea katika vijiji na miji yetu kwamba mtoto aliyekuwa na afya njema huanza kuvimba miguu na uso, nywele zake hugeuka rangi, ngozi hubabuka, wala hana hamu ya kula wala ya kucheza. Huo ni ugonjwa wa kwashiakoo. Lakini kabla hajafikishwa zahanati, majirani wamekwisha kukata shauri: mtoto amebemendwa! Maana yake, wazazi wake, na hasa mama, wamevunja miiko ya unyumba naye angali ananyonya. Twauliza basi: je, ni haki kumtia mtu hatiani kwa kuutazama mwili wa mtoto wake?

Tusiwadharau wazee wetu. Waliona kwa macho yao kwamba mara nyingi mtoto hudhoofu mama ashikapo mimba nyingine. Waga wa Ghana nao waliona hivyo. Jina la kwashiakoo latoka katika lugha yao, na mwaka 1935 Dkt. Cicely Williams aliwaeleza madaktari wenzake kuwa ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake. Mtoto huyo huachishwa ziwa mapema, akapewa uji mtupu. Wazee waliona sawasawa. Hukumu ndiyo iliyopotoka.

Tutazame nchi ya Malawi. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza habari za jozi 317 za pacha wa nchi hiyo, waliochunguzwa mpaka walipofika umri wa miaka 3. Katika jozi 43 kwa kila 100, pacha mmoja alipatwa na utapiamlo, mwenziwe akasalimika. Watoto hao walikuwa na mama mmoja, nyumba moja na chungu kimoja. Ikiwa kosa la wazazi ndilo chanzo, mbona lilimwangusha mmoja likamwacha wa pili?

Wataalamu walitafuta jibu tumboni. Katika matumbo ya kila mwanadamu huishi vijidudu vingi mno viitwavyo bakteria, na vingi vyatufaa. Walichukua vijidudu katika choo cha baadhi ya pacha hao, wagonjwa na wazima, wakavitia katika panya waliolelewa bila kijidudu chochote, kisha wakawalisha panya hao chakula duni kama kile cha watoto. Waliopata vijidudu vya mtoto mgonjwa walikonda kupita wenzao. Basi chakula duni na vijidudu visivyofaa husaidiana kumwangusha mtoto. Hata maziwa ya mama yana sukari za aina zaidi ya 100 ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga tumboni. Ni chakula cha vijidudu vyema vimlindavyo. Mama humlisha mwanawe pamoja na umati asiouona. Nani awezaye kumshtaki kwa yale yasiyoonekana?

Pengine msomaji atasema: Je, hakuna basi mwenye wajibu? La, hasha! Hatia ni jambo moja, na wajibu ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha apewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hata miaka 2 au zaidi. Mama hawezi kutimiza hayo peke yake, huku analima, anateka maji na kubeba kuni. Yampasa baba kuhakikisha kwamba uji wa mtoto una karanga, maharage, dagaa au yai. Auzaye mayai yote sokoni na kumwachia mkewe unga mtupu, asishangae mtoto akidhoofu. Tena ni juu ya wazazi wote wawili kutazama kwamba mimba zisifuatane upesi mno.

Na jirani je? Maneno yake yaweza kuponya au kuua. Mama aliyeaibishwa humficha mtoto ndani, na siku zinazopita hazirudi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Umwonapo mtoto aliyevimba miguu, usiulize wazazi wake walifanya nini usiku. Mbebe mtoto mgongoni, umwambie mama yake: twende zahanati, nitakusindikiza.