Orodha Isiyo na Kisu

Jumanne usiku mpwa wangu anayeishi Sioux Falls, jimbo la South Dakota, alinitumia ujumbe kwenye WhatsApp. "Shikamoo mjomba. Wenzangu kazini wamenialika kwenda kuwinda mwezi wa sita. Ni mara yangu ya kwanza. Hebu ona vitu ninavyotakiwa kuwa navyo." Nikaitikia marahaba, nikavaa miwani, nikaanza kusoma. Tangu siku hiyo orodha ile inanitembelea hata mezani wakati wa kula.

Anayewindwa ni mnyama ambaye Wamarekani wamempa jina la mbwa wa prairi kwa kuwa hubweka akiona hatari. Umbwa wake unaishia hapo. Ni wa ukoo wa kindi, ndugu wa kuchakulo wa nyika zetu, ana uzito wa kilo moja hivi, anakula majani, na anaishi kwenye mashimo yaliyotapakaa maekari kwa maekari kwenye tambarare isiyo na mti. Kila familia ina dume, majike kadhaa na watoto, na wanapokutana mlangoni hugusanisha midomo ili wajuane nani wa nyumbani na nani mpitaji.

Orodha yenyewe imeandikwa na mtu makini, sikatai. Bunduki mbili au tatu, kwa sababu mtutu ukipigishwa mfululizo hupata moto na shabaha ikaanza kuyumba. Unaiweka hiyo ipoe, unachukua nyingine. Ndogo ya .17 HMR kwa walio karibu, ya .223 kwa walio mita mia mbili na kuendelea. Meza ya kukunja na kiti chake. Mifuko ya mchanga ya kuegemeza bunduki. Darubini ya miguu mitatu, na kifaa cha leza cha kupimia umbali, maana risasi nyepesi ikikutana na upepo wa kule inapeperuka. Fito na brashi za kusafishia mtutu saa za mchana, mazigazi yanapochezacheza juu ya nyasi na hakuna anayeona sawasawa. Viziba masikio. Maji ya kutosha, kofia pana, mafuta ya kujikinga na jua. Buti ndefu, kwa ajili ya nyoka wenye njuga mkiani ambao hupenda kujipumzisha kwenye mashimo hayo hayo. Dawa ya viroboto ya kupuliza kwenye soksi na suruali. Na risasi: 500 za kuanzia, "ingawa wazoefu hubeba elfu na zaidi".

Adabu nayo imo. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi. Gari lisiegeshwe kwenye nyasi kavu, bomba la moshi lisije likaunguza malisho ya watu. Kwenye ardhi ya umma ya jimbo lile hairuhusiwi kupiga kuanzia Machi 1 hadi Juni 14, wakati wa uzazi. Kwenye shamba la mtu binafsi unapiga mwaka mzima. Ukitaka kuingia ardhi ya makabila ya wenyeji, kama ile ya Rosebud, ukate kibali cha kabila lenyewe. Na bundi mdogo anayeishi ndani ya mashimo hayo usimguse, analindwa na sheria.

Nilisoma tena kutoka juu, safari hii nikitafuta kitu. Hakuna kisu. Hakuna boksi la barafu, hakuna mfuko, hakuna chumvi. Watu watasafiri zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kuu ya I-90, wavuke Mto Missouri pale Chamberlain, wakodi vyumba, wamlipe mwenye ranchi kwa siku, na kila kitu kimefikiriwa isipokuwa mnyama mwenyewe akishakufa.

Nikamuuliza. "Wanaachwa hapo hapo, mjomba," akajibu. "Mwewe na tai wanakula."

Najua kuna msomaji ameshaanza kunung'unika. Huyu mwandishi anakaa Dar es Salaam, anakula kuku wa kukaanga, halafu anawahurumia panya wa watu. Hajawahi kuona malisho yaliyoliwa mpaka udongo ukabaki uchi. Wafugaji wa kule wanahesabu nyasi kama sisi tunavyohesabu maji ya bomba, na mwaka wa ukame kila ekari iliyonyolewa na wanyama hao ni ng'ombe atakayeuzwa kabla ya wakati wake.

Hoja hiyo naikubali, tena bila kinyongo. South Dakota ni jimbo lenye ng'ombe wengi kuliko watu, na mfugaji aliyekopa benki hana nafasi ya kufurahia midomo inayogusana mashimoni. Wataalamu wanasema hasara hutofautiana na mvua na ukubwa wa eneo, na kwamba majani machanga yanayochipua humo huwa na lishe kiasi kwamba hata nyati wa kule huyafuata. Lakini mwenye ng'ombe ni yeye. Akiweka sumu, akipiga risasi, ana sababu yake na anajua ni nini atakachookoa.

Ninayegombana naye ni mgeni anayekuja na sababu ya kuazima.

Nitasimulia ya kwetu Lushoto, maana ndiyo yaliyonifungua macho. Panya walikuwa wakimaliza mahindi ya baba tangu yakiwa mbegu ardhini. Akatangaza: mkia mmoja, sumni moja. Sisi watoto tukageuka mafundi wa mitego. Unakata ufito, unaupinda, unafunga kitanzi cha kamba kwenye kinjia chao, unaondoka, asubuhi unakuta umejinyoosha na panya ananing'inia. Mikia tuliifunga kwa uzi kama shanga, tukampelekea baba kila Jumamosi, naye alihesabu na kulipa bila kuongea. Mambo yakaenda vizuri mpaka mikia ikaanza kupungua. Hapo ndipo kaka yangu mkubwa alipopata akili ya biashara. Akawa anaruka mashimo ya upande wa mgombani, hayategi, ili akina mama panya wazae na wiki ijayo soko lisife. Akawa anawalinda. Siku moja alimfukuza paka wa jirani kwa mawe, kisa paka anakula mtaji.

Baba alipogundua hakupiga mtu. Alisema tu kwamba kuanzia leo hanunui mkia, kila mtu atege kwa faida ya tumbo lake. Yeye alikuwa anaisubiri siku ambayo hatakuwa na mkia wa kulipia. Kaka alikuwa anaiogopa siku hiyo.

Sasa wasikilizeni hawa wenzake mpwa wangu. Kwenye maelezo yao ukurasa wa kwanza unasema wanamsaidia mfugaji kupunguza waharibifu. Ukurasa wa pili unalalamika kwamba maeneo mazuri yamekwisha, kwamba ranchi fulani ilikuwa tamu sana kabla mwenyewe hajaweka sumu, na kwamba kwingine tauni ilipita ikamaliza wote, "hasara kubwa". Nilisoma neno hilo mara kadhaa. Hasara ya nani? Kama kweli umeendesha gari saa nzima, na saa nyingine, na nyingine, kwa uchungu wa nyasi za rafiki yako, basi habari kwamba shamba lake limepona ungeipokea kwa vigelegele. Badala yake unauliza ni wapi wamebaki, na unaweka nafasi ya mwaka ujao. Huyo ni kaka yangu na mashimo yake ya mgombani, ila ana darubini.

Tauni nayo isipite hivi hivi. Ugonjwa huu uliingia Marekani kwa meli kupitia San Francisco karibu mwaka 1900, ukahamia kwa wanyama wa porini, na mbwa wa prairi hawana kinga nao. Ukiingia, eneo lililokuwa na kelele mchana kutwa hunyamaza ndani ya wiki chache. Nilipomsomea dada yangu kile kipengele cha dawa ya viroboto, alikaa wima kitini. Sisi tunaotoka Lushoto hatuelezwi tauni. Kuanzia 1980, kwa zaidi ya miaka ishirini, ilikuwa ikirudi vijijini kwetu, nyumba zikipuliziwa dawa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wakija kukamata panya na kuwachana viroboto mmoja mmoja. "Mwambie mwanangu asiguse mzoga," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Kwake safari ile haikuwa na swali lingine.

Kwa hiyo naelewa kwa nini hawali. Wapo wenyeji wa Marekani, Wanavajo, ambao humchoma mnyama huyu na kumla tangu enzi za babu zao, lakini hawa wa risasi elfu hawamgusi, na pengine ni salama zaidi hivyo. Ila ule ukarimu kwa mwewe na tai uangaliwe vizuri. Risasi zinazotumika hupasuka ndani ya mwili, na nyingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi, kwa hiyo ndege anayekuja kula hubeba chembe za sumu tumboni. Risasi za shaba zipo madukani. Kwenye orodha ya mpwa wangu hazipo.

Chuki dhidi ya mnyama huyu ina historia. Mwaka 1902 mtaalamu wa serikali, C. Hart Merriam, aliandika kwamba Texas kulikuwa na eneo moja lenye mbwa wa prairi wanaokadiriwa kufika milioni 400, na kwamba wanyama hawa hupunguza uwezo wa malisho kwa nusu na zaidi. Baada ya hapo sumu ilimwagwa kwa miongo, na leo wamebaki kwenye vipande vidogo vya ardhi waliyokuwa nayo. Walipopungua wakamvuta mwingine shimoni: kicheche wa miguu myeusi, ambaye chakula chake karibu chote ni wao. Ilidhaniwa ametoweka duniani mpaka mwaka 1981, pale mbwa wa shamba moja karibu na Meeteetse, Wyoming, alipomletea bwana wake maiti ya mmoja mlangoni. Wa mwisho walipokusanywa kutoka porini walikuwa 18 tu. Wazao wao wako leo sehemu iitwayo Conata, huko huko South Dakota, ambako kupiga mbwa wa prairi ni marufuku na wafanyakazi wa uhifadhi hutembea shimo kwa shimo wakinyunyiza dawa ya viroboto ili mnyama yule yule apone. Ukitoka hapo kidogo kwa gari, meza za kukunja zimeshapangwa.

Mtetezi wa wapigaji ataniambia nitazame kwetu. Je, kwelea kwelea? Serikali zetu huwanyunyizia sumu kwa ndege, wakafa kwa mamilioni, na hakuna anayewachinja wala kuwala kwa heshima. Ni kweli, na sumu ile ina madhara yake ambayo sitayatetea. Lakini nenda Mbarali au Mwea wakati mpunga unapoiva. Utamkuta mtoto amesimama tangu alfajiri akipiga debe, sauti imekauka. Mwulize kama anaomba kwelea warudi msimu ujao ili ajiburudishe.

Na vitalu je, ambako Tanzania inawauzia wageni tembo na simba? Hilo nalo ni kweli, na nimeshaliandikia kwa hasira hapa hapa. Hata hivyo kule kila mnyama ana bei yake na idadi yake kwenye karatasi. Mtu akivuta kifyatulio anajua amelipia roho ipi. Kwenye ranchi ile bei ni ya siku. Ukiua mmoja au mia mbili, malipo hayabadiliki, na hakuna anayekudai hesabu. Hapo ndipo kichwa kinapozoea kitu ambacho sitaki mpwa wangu akizoee. Ana binti wa miaka minne. Akirudi nyumbani ataulizwa amekamata nini.

Watafiti waliofuatilia upigaji huu Wyoming waligundua kwamba mbwa wa prairi wanaosalia baada ya bunduki kuondoka hula kidogo kwa kukaa macho muda wote, na mwaka unaofuata huzaa wachache. Mfugaji atafurahi kusikia hivyo. Wapigaji, kwa mahesabu yao wenyewe, wasingefurahi.

Mpwa wangu ni mtu mzima, analipa kodi ya nchi nisiyoishi, na simkatazi. Nilimwambia aende, aone tambarare hizo, maana wanasema jioni zake ni nzuri. Achukue darubini, maji, kofia, dawa ya viroboto, na alifunge lango alilolikuta limefungwa. Kama ni shabaha anayoitaka, ziko bamba za chuma za kutundika kwenye fremu. Upepo utakuwa ule ule, umbali ule ule, na chuma kikipigwa kinalia. Akajibu kwamba wenzake wameshamnunulia risasi zake na watamwona mshamba. Nikamwambia risasi hazichachi, na ushamba ndio uliomsomesha. Akiamua kubeba bunduki, hayo ni yake na wenzake. Picha asinitumie.