Inukeni Jioni Hii

Wako wakoma wanne langoni mwa Samaria, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya saba. Mji umezingirwa na jeshi la Washami: ndani njaa, nje panga. Wanne hawa wametupwa kando kwa ajili ya ugonjwa wao. Wakapiga hesabu, wakaona kifo kila upande, na giza lilipoanza kuingia wakainuka.

Sura hii nimeihubiri miaka mingi na jambo moja nikawa nalipita. Hakuinuka mmoja peke yake. Wala hakuna aliyesema angoje apone kwanza ndipo afuatane na wenzake. Walikwenda wagonjwa, kwa miguu ya wagonjwa, wote wanne!

Ndugu yangu unayezimua asubuhi ili mikono iache kutetemeka, nasema nawe. Umeapa mara ngapi? Umeapa mbele ya mkeo, umeapa kaburini kwa mama yako, umeapa hapa hapa madhabahuni huku machozi yakikutoka, na mwisho wa mwezi mshahara ukaishia kilabuni. Sikucheki. Nakuuliza tu, siku zote hizo uliapa na nani? Kunywa ulikunywa na kundi. Gongo ilizunguka, chang'aa ikazunguka, mkaimba pamoja. Iweje kuacha utake kuacha peke yako, kimya kimya, asijue mtu?

Mwezi Mei mwaka 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alisimama ukumbini mwa hoteli mjini Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka imeharibika. Ana miezi mitano hajagusa pombe. Upande mmoja baa, vicheko vinamwita. Upande wa pili simu, na karibu yake orodha ya makanisa. Akapiga kanisani. Mchungaji Walter Tunks (nampenda sana mtu huyu) hakumshushia mahubiri. Alimpa majina ya watu. Majina hayo yakamfikisha kwa Henrietta Seiberling, na mama huyo akamkutanisha na daktari mpasuaji aliyekuwa mlevi kama yeye, Bob Smith. Daktari alitoa dakika 15 tu. Walipoagana ilikuwa saa tano usiku imepita.

Kilichomshika ni nini? Habari za ubaya wa pombe alizijua, ni daktari! Lakini huyu mgeni alimsimulia aibu yake mwenyewe. Smith aliteleza mara moja tena, kisha tarehe 10 Juni akanywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo Alcoholics Anonymous, yaani A.A., kundi la walevi wanaosaidiana kuacha, huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Na Wilson je? Huko New York alikuwa amehangaika miezi kadhaa na walevi wenzake, asipone hata mmoja. Ila yeye mwenyewe hakunywa. Mmesikia hapo? Kumsemesha mwenzake ndiko kulikomshikilia.

Basi nenda. Nairobi mikutano ya A.A. ipo. Tanzania bara na Zanzibar ziko nyumba za soba, ambamo waliopata nafuu huwashika mkono wanaoanza. Uliza kitengo cha afya ya akili katika hospitali iliyo karibu nawe. Utakuta viti vimepangwa duara, labda na chai. Utataja jina lako la kwanza tu, au utanyamaza. Hakuna ada, na sharti la kuingia ni moja, kutaka kuacha. Ukikuta mkutano wa kwanza umekuchosha, jaribu mwingine. Mbona baa ya kwanza haikuwa ya mwisho?

Lakini wewe unayekunywa kila siku, tena nyingi, usikate ghafla ukijifungia chumbani. Mwili unaweza kuingia degedege na kuweweseka, na watu hufa. Pitia hospitali kwanza, umwambie daktari kiasi cha kweli, si kile unachomwambia mkeo.

Unasema watu watakuona. Walikuona mtaroni, ndugu yangu! Walikubeba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na wewe msomi unayedhani haya ni mambo ya wanyonge, mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao unaopima tafiti za tiba, walipima pamoja tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona kwamba programu za hatua 12 kama za A.A. humsaidia mtu kukaa bila pombe sawa na tiba nyingine, na mara nyingi kuzipita.

Nanyi akina mama mnaohesabu chupa chini ya kitanda, mnalo kundi lenu, Al-Anon, tangu 1951. Msingoje mume aanze.

Wale wakoma walikuta kambi tupu na chakula tele. Walikula, wakaficha fedha, kisha dhamiri ikawauma: habari njema hii twaila peke yetu? Wakarudi usiku ule ule kuuamsha mji uliowafukuza.

Namrudia Mchungaji Tunks. Kazi yake ilikuwa kupokea simu na kutoa majina. Sisi ukumbi wetu wa vijana una viti 40 vya plastiki na kufuli kubwa, na tangu Jumatatu hadi Ijumaa hakuna anayekaa humo ila buibui. Wazee wa kanisa, naomba funguo.